Kishingo Hatoki Mtumbwini

Limi aliishi na Bibi yake katika kijiji cha Mwaloni. Mwalo ni mahali wavuvi wanaposhushia samaki.

Lakini Mwaloni hapakuwa na samaki. Ziwa lilikauka kabla Limi hajazaliwa.

Limi ni neno la Kisukuma. Maana yake ni jua. Alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa mwaka ambao jua halikutaka kuondoka.

Bibi akisema, "Limi, nenda ziwani," Limi alijua la kufanya. Alikwenda kumleta mbuzi. Ziwani kulikuwa na nyasi, na mbuzi, na shamba la viazi la Mjomba Luhende.

Bibi akisema, "Limi, lete kasia," Limi alijua pia. Kasia lilikuwa komeo. Kila jioni Bibi alilipachika nyuma ya mlango ili fisi asiingie.

Na Bibi akisema, "Limi, angalia mtumbwini," Limi alikimbia hadi chini ya mti wa mgunga. Alirudi na yai.

Siku moja jirani yao, Mjomba Luhende, alikuja kuomba chumvi.

"Limi," alisema, "hebu niambie. Mtumbwi ni nini?"

"Ni banda la kuku," alisema Limi.

"La nini?"

"La kuku, Mjomba. Ni refu ili waweze kulala kwa mstari."

Mjomba Luhende alicheka mpaka akakaa juu ya kinu. "Mama, umemsikia mjukuu wako?"

Bibi hakucheka. "Hajakosea," alisema. "Kuku amewaona mle. Samaki hajawaona."

Maji waliyachota kisimani. Kisima kilikuwa kirefu sana. Kila mwaka maji yalizidi kwenda chini. Kila mwaka Bibi aliunga kipande kingine cha kamba.

Sasa kamba ya kisima ilikuwa na mafundo saba. Limi naye alikuwa na miaka saba.

"Kamba hii ni pacha wako," alisema Bibi. "Mnakua pamoja."

Zamani Bibi alikuwa na kuku wengi. Lakini ukame ulikuwa mrefu, na kuku waliisha mmoja mmoja. Akabaki mmoja tu.

Kuku huyo hakuwa na manyoya shingoni. Kwa hiyo aliitwa Kishingo.

Kishingo alikaa mtumbwini peke yake. Asubuhi jogoo wa Mjomba Luhende alikuja kumsalimia, kisha akaenda zake.

Kwa siku nyingi Bibi hakumtuma Limi mtumbwini. Siku moja Limi alikwenda mwenyewe kuchukua yai. Kishingo alivimba kama mto wa kulalia. Alimdonoa Limi mkononi. *Do!*

"Kwo, kwo, kwo," alisema Kishingo.

Limi alirudi mbio. "Bibi, Kishingo hataki kutoka."

Bibi alikwenda kutazama. Aliingiza mkono chini ya kuku, taratibu. Akahesabu. Mayai yalikuwa tisa.

"Anaatamia," alisema Bibi. "Tusubiri siku ishirini na moja. Vifaranga wakitoka, tutakuwa na kuku tena."

"Na wasipotoka?"

"Basi, Kishingo ndiye wa mwisho. Amezeeka huyu. Sidhani kama atataga tena."

Limi alifikiri. "Mmoja atakuwa wangu?"

"Mmoja wako," alisema Bibi.

Bibi alichukua mkaa. Akachora mstari mmoja ukutani. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Siku zile mawingu meusi yalikaa juu ya milima ya mbali. Mwaloni bado kulikuwa na vumbi.

Siku ya tatu, Bibi alikuwa akipepeta mtama. Ghafla akaacha.

"Limi, unasikia?"

Limi alisikiliza. Mbali sana kulikuwa na sauti ndogo.

*Chwa, chwa, chwa.*

"Ni nini, Bibi?"

"Ni mto," alisema Bibi.

Limi aliujua mto. Mto ulikuwa njia ya mchanga. Ulikuwa haujawahi kusema chochote.

Kesho yake walikwenda kutazama. Mto ulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Maji yalipita, yakaingia ziwani, yakajilaza katikati ya nyasi.

Mbuzi aliyaona. Akarudi nyumbani mwenyewe.

"Yataishia wapi?" aliuliza Limi.

"Pale yalipokuwa," alisema Bibi.

"Yalikuwa wapi?"

Bibi alinyoosha kidole. Kidole kilipita shamba la viazi. Kilipita kichuguu. Kilifika kwenye mti wa mgunga, kikasimama.

Chini ya mti ule kulikuwa na mtumbwi. Ndani ya mtumbwi kulikuwa na Kishingo.

*Chwa, chwa, chwa, maji yanakuja.*
*Kwo, kwo, kwo, kuku hatoki.*

"Tumhamishe," alisema Limi.

"Kuku anayeatamia hahamishwi," alisema Bibi. "Ukimhamisha, anayaacha mayai. Mayai yakipoa, basi."

Limi alitafuta kijiti. Akakichomeka pale maji yalipoishia. Kila jioni alikwenda kuchomeka kijiti kingine.

Kila jioni kijiti cha jana kilikuwa ndani ya maji.

Siku ya nane maji yalifika kwenye shamba la Mjomba Luhende. Kijiji kizima kilikwenda kumsaidia kuchimba viazi. Limi alibeba ndoo ndogo. Matope yalimfika magotini.

Walichimba matuta sita. Tuta la saba lilikuwa limezama.

"Hilo liache," alisema Mjomba Luhende. "Ziwa nalo limerudi na njaa."

Jioni Bibi alikata viazi vyembamba akavianika kwenye mwamba ili vikauke viwe michembe. Hakuna aliyelia. Viazi vilikuwa vingi, na mwamba ulikuwa mrefu.

Mjomba Luhende alipita karibu na mtumbwi. Akachungulia.

"Shikamoo, Kishingo," alisema. "Naona unajifunza kuwa bata."

"Kwo, kwo, kwo," alisema Kishingo.

Kishingo alishuka mara moja tu kwa siku. Alikula haraka haraka, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kisha akarudi kwenye mayai yake.

Bibi alichora mstari. Kumi. Akachora mwingine. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Limi alichomeka kijiti karibu na kichuguu. Kesho yake kichuguu kilikuwa kisiwa.

*Chwa, chwa, chwa, maji yanakuja.*
*Kwo, kwo, kwo, kuku hatoki.*

Siku ya kumi na nne Limi hakutaka kula.

"Bibi, mistari saba bado. Maji yatafika kesho kutwa. Mayai yatalowa."

"Kwa nini yalowe?"

"Banda la kuku litajaa maji."

Bibi alimtazama. Kisha akatabasamu kidogo.

"Mjukuu wangu, lile si banda. Lile ni mtumbwi. Babu yako aliutengeneza kwa mbao. Maji yakija, hauzami. Unapanda juu ya maji."

Limi aliutazama mtumbwi. Ulikuwa mkubwa kuliko kitanda. Ulikuwa mzito kuliko mbuzi watatu.

"Unapandaje, Bibi? Hauna miguu."

"Utaona," alisema Bibi. "Lakini kwanza tuna kazi."

Mtumbwi ulikaa juani miaka mingi. Mbao zilikuwa na nyufa. Limi aliweza kupitisha kidole chake. Mjusi aliweza kupita mzima.

Bibi aliyeyusha nta jikoni. Limi alichambua pamba. Walichovya pamba katika nta, wakaisokomeza kwenye nyufa kwa kijiti.

*Soko, soko, soko.*

Walifanya kazi nje ya mtumbwi. Halafu walifanya kazi ndani. Kishingo alikaa palepale katikati. Kila mkono uliopita, aliudonoa.

*Do!* Mkono wa Bibi.

*Do!* Mkono wa Limi.

"Tunakusaidia wewe," alisema Limi.

*Do!* alisema Kishingo.

Siku ya kumi na saba maji yaligusa mtumbwi.

Jioni ile Bibi alikuwa akiingiza mbuzi zizini. Alimwita Limi. "Chukua kamba ya mbuzi. Ufunge mtumbwi kwenye mgunga, usije ukaondoka."

Limi alichukua kamba. Alijua kufunga. Alimfunga mbuzi kila siku.

Alipiga fundo chini kabisa, kwenye shina, ili kamba isiteleze. Aliiacha fupi, ili mtumbwi usitembee. Alipiga fundo la pili. Alipiga la tatu.

"Umefunga?" aliuliza Bibi.

"Nimefunga sana," alisema Limi.

Asubuhi ya siku ya kumi na nane Limi alitoka nje. Mtumbwi ulikuwa umeinuka.

Ulikuwa umeinuka bila miguu. Ulikuwa umekaa juu ya maji, ukitikisika kidogo. Ndani yake Kishingo alitikisika kidogo. Hakuonekana kujali.

Limi alisimama akatazama kwa muda mrefu. Uji wake ulipoa.

Bibi aliingia majini na mtama kwenye bakuli. Maji yalimfika magotini. Kishingo alikula humo humo mtumbwini. Alikunywa kutoka kwenye kata.

*Chwa, chwa, chwa, maji yamefika.*
*Kwo, kwo, kwo, kuku hatoki.*

Usiku ule mvua ilinyesha Mwaloni. Ilinyesha juu ya bati, juu ya mgunga, juu ya ziwa. Bibi alikuwa ameshafunika mtumbwi kwa mkeka, upande wa Kishingo.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa Limi alitoka tena.

Mtumbwi haukuwa sawa.

Pua yake ilikuwa chini. Mkia wake ulikuwa juu. Maji yalikuwa yakiramba ukingo wa mbele. Yalikuwa yanaingia ndani kidogo kidogo.

*Lwa. Lwa. Lwa.*

"Bibi," aliita Limi. "Bibi, mtumbwi unainama."

Bibi alitoka. Alitazama mara moja tu.

"Umefunga wapi?"

"Chini. Kwenye shina."

"Na kamba?"

"Fupi," alisema Limi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kama ya mbuzi."

"Mtumbwi si mbuzi," alisema Bibi. "Maji yakipanda, nao hupanda. Kamba yako inauvuta chini."

Limi alitazama maji. Fundo lilikuwa huko chini, halionekani. Kamba ya katani ikilowa, hukaza. Na yalikuwa mafundo matatu.

"Nitaikata kwa kisu," alisema Bibi.

"Ukiikata, mtumbwi utaondoka, Bibi. Utaenda na Kishingo."

Ilikuwa kweli. Maji ya mto yalikuwa yanasukuma kuelekea katikati ya ziwa.

"Basi tupate kamba nyingine kwanza," alisema Bibi. "Ndefu."

Limi alifikiri. Kamba ya mbuzi ilikuwa majini. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeoza.

Kisha akakumbuka. Akakimbia nyuma ya nyumba.

Alirudi na kamba ya kisima. Alikuwa ameizungusha begani, na bado iliburuta chini. Ilikuwa na mafundo saba.

"Hii hapa, Bibi. Pacha wangu."

"Ndiyo yenyewe," alisema Bibi.

Bibi aliingia majini hadi kwenye mgunga, akapiga fundo moja juu, penye tawi kubwa. Akarudi, akampa Limi sehemu ya katikati aishike. Akachukua ncha nyingine.

"Wewe unabaki hapa, nchi kavu. Hujui kuogelea. Shika kamba. Nikikata, mtumbwi utavuta. Wewe achia kidogo kidogo, kama unateremsha ndoo kisimani. Usiachie yote."

"Siachii yote," alisema Limi.

Bibi aliingia tena majini. Maji yalimfika kiunoni. Alifunga ncha ya kamba kwenye pua ya mtumbwi. Akavuta kuijaribu. Kisha akainama, akatafuta kamba ya mbuzi kwa mkono mmoja. Akakata.

*Pwaa!*

Pua ya mtumbwi iliruka juu. Mtumbwi ukaondoka. Kamba ikakimbia mikononi mwa Limi.

Fundo la kwanza likapita. La pili. La tatu.

Limi alikaza mikono. Alikaza meno. Visigino vyake vilizama kwenye matope.

La nne. La tano.

"Taratibu," alisema Bibi kutoka majini. "Kama ndoo."

Limi aliijua ndoo. Alikuwa ameteremsha ndoo kila siku ya maisha yake. Alishika. Akaachia kidogo. Akashika.

La sita.

Mtumbwi ulisimama.

Ulikaa sawa juu ya maji, pua na mkia. Ulitikisika polepole mwisho wa kamba. Fundo la saba lilikuwa bado mikononi mwa Limi.

Ndani ya mtumbwi kulikuwa kimya.

Limi alisubiri. Bibi alisubiri, akiwa amesimama majini.

Kisha shingo moja isiyo na manyoya ikachomoza chini ya mkeka.

"Kwo, kwo, kwo."

Bibi alipanda mtumbwini. Aliingiza mkono chini ya kuku. *Do!*

"Mayai ni makavu," alisema Bibi. "Maji yalibaki mbele."

Limi alikaa chini kwenye matope. Alicheka na kulia kidogo. Mikono yake ilikuwa myekundu. Bibi aliipaka samli.

Siku ya ishirini maji yalisimama. Limi alichomeka kijiti chake. Kesho yake kijiti kilikuwa palepale, kwenye ukingo wa maji.

Hiyo ilikuwa siku ya ishirini na moja.

Limi na Bibi walivuta kamba. Mtumbwi ulikuja polepole. Fundo moja. Mafundo mawili. Mafundo matatu.

Hata kabla haujafika, Limi alisikia.

*Pyo.*

*Pyo, pyo.*

Kishingo aliinua bawa. Vichwa vidogo vilichungulia. Kimoja cheusi. Viwili vya njano. Kingine hakikuwa na manyoya shingoni.

Mayai yalikuwa tisa. Vifaranga walikuwa saba. Mayai mawili hayakuanguliwa, na Bibi aliyazika chini ya mgomba.

"Saba wanatosha," alisema Bibi. "Chagua wako."

Limi alichagua yule asiye na manyoya shingoni.

"Utamwitaje?"

"Kabula," alisema Limi.

Bibi aliitikia kwa kichwa. Kabula pia ni neno la Kisukuma. Ni jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua.

Mchana Mjomba Luhende alikuja. Alikuwa amelowa mpaka kifuani. Mkononi alishika kambare, mrefu kama mkono wa mtu.

"Mnajua nimemtoa wapi?" aliuliza. "Kwenye tuta langu la saba. Nilipanda viazi, nimevuna kambare."

Alimtazama Limi.

"Haya, mwalimu. Mtumbwi ni nini?"

Limi aliutazama mtumbwi. Majani makavu bado yalikuwa ndani. Manyoya matatu pia.

"Ni banda la kuku," alisema, "linalojua kuelea."

Mjomba Luhende hakucheka safari hii. "Jibu zuri," alisema. "Sasa muulize Bibi yako linakwendaje."

Bibi aliingia ndani. Akatoka na komeo la mlango.

Bibi alimpandisha Limi mtumbwini, katikati, pale alipokaa Kishingo. Alisukuma. Alipiga kasia kushoto. Alipiga kasia kulia.

*Chwa. Chwa. Chwa.*

Walipita juu ya kichuguu. Walipita juu ya matuta ya viazi. Walipita pale mbuzi alipozoea kulala. Chini ya mtumbwi nyasi zilikuwa zimelala majini, kijani kibichi.

"Bibi," alisema Limi, "sasa ukisema nenda ziwani, nitakwenda wapi?"

"Hapa," alisema Bibi. "Lakini utakwenda na mimi, mpaka ujue kuogelea."

Jioni walikula ugali na kambare. Limi alikuwa hajawahi kula kambare. Aliomba tena.

Kishingo na watoto wake walilala ndani ya nyumba, kwenye kikapu karibu na jiko. Kasia lilirudi nyuma ya mlango. Kamba ya kisima ilibaki kwenye mgunga. Ilikuwa na kazi mpya.

Bibi alichukua kitambaa chenye maji. Alifuta mistari yote ishirini na moja ukutani.

Limi alijilaza kwenye mkeka. Alisikiliza. Nje kulikuwa na sauti ambayo hakuizoea. Lakini Bibi aliizoea. Bibi alikuwa ameshafumba macho.

*Chwa, chwa, chwa, maji yamerudi.*
*Kwo, kwo, kwo, kuku amelala.*

"Pyo," alisema Kabula kutoka kwenye kikapu.

"Lala," alisema Limi. "Ni ziwa tu."

Wakalala.